Jinsi ya Kupima Gharama ya Kiuchumi ya Kupungua kwa Akiba ya Gesi ya Taifa: Mwongozo Kamili

Wanafunzi wa uchumi, waandishi wa habari na maofisa mipango wamenionyesha hesabu nyingi za gharama ya gesi inayochimbwa nchini Tanzania, na karibu zote zinakosea mahali pale pale. Wengine huzidisha kiasi cha gesi iliyouzwa kwa bei yake, kisha huiita jumla hiyo gharama ya kupungua kwa akiba. Wengine huchukua gesi yote iliyotangazwa kugunduliwa, huigawa kwa uzalishaji wa mwaka mmoja, hupata uhai wa karne nyingi, na huhitimisha kwamba hakuna gharama yoyote. Katika mfano utakaofuata, kosa la kwanza linakuza gharama mara tano na la pili linaifuta kabisa, ingawa takwimu zilizotumika ni sahihi.

Kinachopimwa hapa ni kitu kimoja tu: thamani ya akiba iliyobaki ardhini imeshuka kwa kiasi gani kwa sababu ya uchimbaji wa mwaka huu. Mkulima wa Newala mwenye mikorosho anaweza kuuza korosho kila msimu na shamba lake likabaki palepale. Akikata mikorosho na kuuza kuni, sehemu ya fedha aliyopokea si kipato bali ni shamba lenyewe lililogeuzwa kuwa fedha. Gesi haina msimu wa pili, kwa hiyo kila mwaka tunapaswa kuamua sehemu ipi ya mapato yake ni kipato halisi na sehemu ipi ni mali iliyoondoka.

Hesabu hii imeanza kuwa wajibu wa kitakwimu. Mfumo wa Hesabu za Taifa uliopitishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2025 unahesabu kupungua kwa akiba kama gharama ya uzalishaji inayoondolewa katika pato halisi, yaani pato linalobaki baada ya kutoa uchakavu na gharama za aina hiyo, ilhali mfumo wa mwaka 2008 uliiweka pembeni, nje ya hesabu ya pato.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Usifungue jedwali la hesabu kabla hujakusanya vitu hivi:

- Uzalishaji wa kila mwaka kwa kila kitalu (eneo lililotengwa kwa uchimbaji wa gesi), angalau wa miaka mitano. Kwa Tanzania, anzia kwenye taarifa za PURA (mdhibiti wa utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi) na TPDC (Shirika la Maendeleo ya Petroli).
- Makadirio ya akiba inayoweza kuchimbwa kibiashara, mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, yakiwa tofauti na jumla ya gesi iliyopo ardhini.
- Bei halisi ya gesi kwa kila mauzo, pamoja na tozo za kuchakata na kusafirisha. Taarifa za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, zitakusaidia hapa.
- Gharama za uendeshaji, thamani ya mitambo na visima, na uchakavu wake kwa mwaka.
- Malipo ya mrabaha, kodi na mgawo wa Serikali. Ripoti za TEITI, taasisi ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, hulinganisha kilicholipwa na kampuni na kilichopokelewa na Serikali.
- Kiwango cha mfumuko wa bei na wastani wa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwaka, kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na Benki Kuu.

Ukikosa takwimu za gharama za kitalu, usizibe pengo kwa asilimia uliyoisikia kwenye mkutano. Tumia taarifa za fedha zilizokaguliwa za kampuni husika, na uandike wazi kwamba ndicho chanzo chako.

## Hatua ya 1: Sawazisha vipimo

Uzalishaji hutolewa kwa futi za ujazo milioni kwa siku, akiba kwa futi za ujazo trilioni, na bei kwa dola kwa kila BTU (kipimo cha nishati ya joto) milioni moja. Badilisha vyote viwe katika kipimo kimoja kabla ya kuzidisha chochote; mimi hupendelea futi za ujazo elfu moja.

Katika tasnia hii herufi M moja humaanisha elfu na MM humaanisha milioni. Anayesoma M kama milioni hukosea mara elfu nzima, na kosa hilo halionekani hadi mwisho wa hesabu. Kumbuka pia kwamba futi za ujazo elfu moja za gesi yetu zina nishati ya takriban BTU milioni moja na kidogo zaidi, na kidogo hicho hutegemea ubora wa gesi ya kila kisima. Tumia kipimo kilichoandikwa kwenye mkataba.

Kwa kitalu cha mfano tutakachokifuata hadi mwisho, uzalishaji ni futi za ujazo milioni 137 kwa siku. Zidisha kwa siku 365, utapata futi za ujazo bilioni 50 kwa mwaka. Ukipata jibu hilo bila kusukuma nukta ya desimali kwa kubahatisha, endelea.

## Hatua ya 2: Chagua akiba iliyo sahihi

Hapa ndipo hesabu nyingi hufa, kwa hiyo soma polepole.

Takwimu inayojulikana zaidi nchini ni futi za ujazo trilioni 57.54. Hiyo ni gesi iliyogunduliwa ikiwa bado ardhini, na sehemu kubwa yake, takriban trilioni 47, iko kwenye kina kirefu cha bahari, ambako kuanza kwa uchimbaji kunategemea mradi mkubwa wa kusindika gesi kuwa kimiminika mkoani Lindi. Gesi inayochimbwa sasa inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, na huendesha mitambo ya umeme na viwanda. Visima hivyo vinavyofanya kazi ndivyo vinavyopungua.

Ukigawa trilioni 57.54 kwa uzalishaji wa bilioni 50 utapata zaidi ya miaka 1,150. Gharama itakayotoka katika muda huo ni sifuri kwa vitendo. Kosa haliko kwenye kugawa. Liko kwenye kuchukua gesi isiyo na bomba, isiyo na mnunuzi na isiyo na uamuzi wa uwekezaji, kisha kuitumia kurefusha uhai wa kisima kilicho maili nyingi mbali nayo.

Uganda inatoa funzo lile lile kwa upande wa mafuta. Mafuta yaliyopo chini ya Bonde la Albertine yanakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, lakini yanayotarajiwa kuchimbika ni takriban bilioni 1.4. Mchambuzi anayetumia namba ya kwanza anajiongezea zaidi ya mara nne ya utajiri ambao haupo.

Tumia, basi, akiba ambayo inaweza kuchimbwa kwa teknolojia iliyopo, kwa bei iliyopo, na ndani ya mradi ulioidhinishwa. Mfumo wa Hesabu za Mazingira na Uchumi wa Umoja wa Mataifa, uliokubaliwa mwaka 2012, huweka akiba ya aina hii katika daraja la kwanza, na huiacha ile ya kubahatisha katika madaraja mengine. Yatunze madaraja hayo katika safu tofauti, wala usiyajumlishe.

Kitalu chetu cha mfano kina akiba ya futi za ujazo bilioni 1,000 mwanzoni mwa mwaka. Ukigawa kwa bilioni 50, kina uhai wa miaka 20. Ukiona jibu lako linapita miaka 60 kwa kitalu kinachochimbwa kwa kasi ya kawaida, rudi nyuma ukaangalie daraja la akiba ulilotumia.

## Hatua ya 3: Kokotoa ziada ya rasilimali

Ziada ya rasilimali ni kinachobaki katika mauzo baada ya kulipa kila kilichotumika kuitoa gesi: wafanyakazi, vipuri, uchakavu wa mitambo, na faida ya kawaida ambayo mtaji huo ungeipata kwingineko. Ziada hii ndiyo malipo ya gesi yenyewe, na ndiyo pekee inayoingia katika hesabu ya kupungua kwa akiba.

Anza na bei ya gesi ilipotoka kisimani. Bei anayolipa mwenye kiwanda Dar es Salaam ina ndani yake tozo ya kuchakata na ya bomba, na huduma hizo si gesi. Ziondoe. Usitumie pia bei ya soko la Marekani au Ulaya kwa gesi ambayo haijawahi kupanda meli.

Katika mfano wetu, bei ya kisimani ni dola 3.20 kwa futi za ujazo elfu moja, kwa hiyo mauzo ya mwaka ni dola milioni 160. Kampuni inaripoti gharama za uendeshaji za dola milioni 60, lakini ndani yake kuna mrabaha wa dola milioni 20. Mrabaha si gharama ya kuchimba. Ni sehemu ya ziada iliyokwenda kwa mwenye mali. Ukiuacha ndani utaipunguza ziada kwa kiasi kile kile ambacho taifa limepokea, na hilo ni kosa linalouma. Uondoe, ubaki na gharama halisi za dola milioni 40.

Uchakavu wa mitambo na visima ni dola milioni 20. Thamani ya mtaji uliobaki ni dola milioni 300, na faida ya kawaida ya 10% ni dola milioni 30. Hesabu inakuwa hivi:

160 − 40 − 20 − 30 = dola milioni 70

Hiyo ni sawa na dola 1.40 kwa kila futi za ujazo elfu moja. Gharama za baadaye za kufunga visima nazo ni gharama. Kama kampuni haijatenga fungu la kila mwaka, likadirie na ulitoe hapa. Katika mfano huu fungu hilo limo ndani ya gharama za uendeshaji.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee Tanzania. Kwa miaka mingi sehemu ya gesi ya Songo Songo iliuzwa kwa bei nafuu iliyokingwa na mkataba kwa ajili ya umeme. Ukitumia bei hiyo, ziada itaonekana ndogo, ingawa haikupotea: ilihamia kwa watumiaji wa umeme. Fanya hesabu mara mbili, moja kwa bei ya mkataba na nyingine kwa bei ambayo wanunuzi wengine walilipa mwaka huo, na uonyeshe tofauti katika mstari wake. Msomaji ana haki ya kujua kama gesi yake iliisha kwa bei ya chini.

Kwa kuwa bei na gharama huyumba, chukua wastani wa ziada ya miaka mitatu hadi mitano, baada ya kuziweka zote katika bei za mwaka mmoja. Kama ziada inatoka chini ya sifuri kwa mwaka mmoja, huenda ni mwaka wa matengenezo makubwa. Ikiwa chini ya sifuri kwa wastani wa miaka mitano, akiba hiyo haina thamani ya kiuchumi kwa sasa, na gharama ya kupungua kwake ni sifuri.

## Hatua ya 4: Amua kiwango cha punguzo

Dola itakayopatikana baada ya miaka 20 haina uzito wa dola ya leo, na kiwango cha punguzo ndicho kinachopima tofauti hiyo. Nitatumia 4%, kiwango ambacho Benki ya Dunia imekitumia katika hesabu zake za utajiri wa mataifa.

Kosa linalojirudia ni kuchukua riba ya hatifungani za Serikali kama ilivyo. Riba hiyo imebeba mfumuko wa bei ndani yake, ilhali ziada yako iko katika bei za mwaka mmoja usio na mfumuko. Ondoa mfumuko kwanza.

Wengine huniuliza kwa nini mtaji umepewa 10% na akiba ikapewa 4%. Ile ya kwanza ni malipo ya mwekezaji anayebeba hatari ya biashara. Hii ya pili ni uzito ambao taifa linawapa watu watakaoishi baada ya visima kukauka. Kiwango kikubwa huwapunguzia watu hao sauti, kwa hiyo uchaguzi huu si wa kiufundi peke yake, na unapaswa kuandikwa pamoja na sababu zake.

## Hatua ya 5: Kokotoa gharama yenyewe

Kwanza tafuta thamani ya akiba mwanzoni mwa mwaka, yaani jumla ya ziada za miaka 20 ijayo baada ya kupunguzwa. Chukua ziada zote kuwa zinapokelewa mwishoni mwa kila mwaka:

70 ÷ 1.04 + 70 ÷ 1.04² + … hadi mwaka wa 20 = dola milioni 951.3

Kisha tafuta thamani mwishoni mwa mwaka, wakati miaka iliyobaki ni 19. Jibu ni dola milioni 919.4. Tofauti, dola milioni 31.9, ndiyo gharama ya kupungua kwa akiba kwa mwaka huo.

Kuna njia fupi inayofika palepale kama ziada na uzalishaji havibadiliki: gawa ziada ya mwaka kwa 1.04 iliyozidishwa yenyewe mara 20. Njia ya mwanauchumi Salah El Serafy inafanana na hii, ila yeye hutumia mara 21, na jibu lake ni dola milioni 30.7. Tofauti hiyo inatokana tu na wakati fedha inapodhaniwa kupokelewa. Chagua moja na usiibadilishe kati ya mwaka na mwaka.

Utakutana na njia mbili nyingine. Ya kwanza huhesabu ziada yote, dola milioni 70, kuwa gharama, kana kwamba mali iliyo ardhini haizalishi kipato chochote. Ya pili, ya Benki ya Dunia, hugawa thamani ya akiba kwa miaka iliyobaki, miaka hiyo ikiwa na ukomo wa 25. Hapa hutoa dola milioni 47.6. Ninashauri jibu kuu liwe badiliko la thamani, kwa sababu linakubaliana na mifumo ya Umoja wa Mataifa, na haya mengine yawekwe kando yake kwa kulinganisha.

Hakiki hivi: zidisha thamani ya mwanzo, 951.3, kwa 4%, upate 38.1. Hicho ndicho kipato halisi. Jumlisha na gharama ya 31.9, nawe urudi kwenye ziada ya 70. Isiporudi, kuna kosa katika jedwali lako, na hakuna haja ya kuendelea kabla ya kulipata.

## Hatua ya 6: Tenganisha kinachopungua na kinachogunduliwa

Tuseme mwaka huo huo wataalamu wanathibitisha futi za ujazo bilioni 80 zaidi. Akiba ya kufunga mwaka inakuwa bilioni 1,030, na thamani yake inapanda hadi karibu dola milioni 970. Anayetoa thamani ya mwisho katika ya mwanzo atapata gharama hasi, na atatangaza kwamba uchimbaji umelitajirisha taifa.

Uchimbaji haukufanya hivyo. Futi za ujazo bilioni 50 zimeondoka na hazitarudi. Ugunduzi ni tukio jingine, na una mstari wake, kama ulivyo mstari wa mabadiliko ya bei. Utafiti wa taasisi ya utafiti wa mazingira ya World Resources Institute wa mwaka 1989 kuhusu Indonesia, ambao ulionyesha ukuaji wa 7.1% kwa mwaka kati ya 1971 na 1984 ukishuka hadi 4.0% baada ya kuhesabu kupungua kwa mafuta, misitu na udongo, ulikosolewa hasa kwa kuingiza ongezeko la akiba ya mafuta katika pato, jambo lililoyafanya mapato ya baadhi ya miaka yaruke juu bila sababu ya uzalishaji.

Jedwali lako likikamilika litakuwa na akiba ya mwanzo, uchimbaji, ugunduzi, marekebisho ya makadirio, mabadiliko ya bei na akiba ya mwisho, na kila safu itajumlika bila salio lisiloelezeka.

## Hatua ya 7: Pima jinsi jibu linavyoyumba

Usichapishe namba moja. Kwa kitalu chetu, punguzo la 2% linatoa gharama ya dola milioni 47.1, na la 8% linatoa milioni 15.0. Ukibaki na 4% lakini uhai ukawa miaka 10, gharama ni milioni 47.3, ukiwa miaka 40, ni milioni 14.6.

Tazama mwelekeo huo. Akiba inapokaribia kuisha, gharama hupanda kuelekea ziada yote, hata kama uzalishaji haujaongezeka hata kidogo. Kwa hiyo nchi yenye visima vikongwe inapaswa kuiona gharama ikikua mwaka hadi mwaka, na ofisi ya takwimu inayoripoti gharama ile ile kwa miaka kumi mfululizo bila ugunduzi mpya haijasogeza hesabu ya miaka iliyobaki.

## Hatua ya 8: Iweke gharama mahali pake

Ondoa dola milioni 31.9 katika pato halisi, kama unavyoondoa uchakavu wa mitambo. Pato la Taifa lenyewe halibadiliki, na ripoti isemayo kuwa "Pato la Taifa limepungua" kwa sababu hii imekosea safu. Madhara ya hewa ukaa nayo yana akaunti yake, usiyachanganye humu.

Kisha uliza nani alibeba gharama hiyo. Chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji, ziada ya dola milioni 70 hugawanywa kati ya Serikali na mwekezaji, na gharama ya kupungua hugawanywa kwa uwiano ule ule. Kama Serikali ilipata 60% ya ziada, yaani milioni 42, sehemu yake ya gharama ni takriban dola milioni 19.2, na zilizobaki, milioni 22.8, ndizo ingeweza kuzitumia bila kula mtaji.

Linganisha milioni 19.2 hizo na fedha zilizowekwa au kuwekezwa mwaka huo kutokana na gesi, iwe katika Mfuko wa Mafuta na Gesi uliowekwa na sheria ya mwaka 2015, au katika shule, barabara na mitambo ya umeme inayoweza kuonyeshwa. Hesabu uwekezaji uliofanyika kweli, siyo uliopangwa kwenye bajeti. Andika namba hizo mbili kwenye mstari mmoja, ya mali iliyoondoka na ya mali iliyowekwa, na chini yake uandike daraja la akiba, kiwango cha punguzo na miaka iliyobaki, ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu yako na kufika palepale ulipofika.